Pilipili Kwenye Baridi: Historia ya Mbegu, Samadi na Wageni



Kwenye hii kambi yetu ya milimani kuna msemo ambao umekuwa kama sheria: "Pilipili haikubali huku." Mtu anatoka Uvira au Fizi, kule chini karibu na ziwa, ambako pilipili inajiotea yenyewe nyuma ya jiko. Anafika huku juu Rwanda, anatia mbegu kwenye udongo, anangoja wiki tatu, haoni kitu. Akifukua anakuta mbegu imeoza. Jirani anamwambia, "Si tulikuambia? Huku ni baridi." Basi, imeisha. Kuanzia siku hiyo pilipili ni ya kununua sokoni, na siku pesa hakuna, sombe inaliwa hivyo hivyo.

Sisi vijana wa kikundi tukaanza kujiuliza: hiyo sheria ni ya kweli? Maana kama ni ya kweli, kuna nchi moja ambayo haieleweki kabisa. Hiyo nchi ni Hungaria. Iko katikati ya Ulaya, haina bahari, na mwezi wa kwanza joto lake la wastani linazunguka digrii sifuri. Sisi tunalia usiku ukifika digrii 10 au 12. Wao maji yanageuka jiwe. Na bado hiyo Hungaria ndiyo inajulikana dunia nzima kwa pilipili. Unga wao mwekundu unaitwa paprika, na miji yao miwili, Szeged na Kalocsa, imejenga jina lake juu ya huo unga.

Waliwezaje? Ndiyo historia ya leo. Soma mpaka mwisho, juu mwisho wake unatuhusu sisi.

1. Mmea ambao ni mgeni karibu kila mahali

Kwanza tukubali jambo moja. Pilipili si ya Hungaria. Lakini pia si ya Congo, si ya Rwanda, si ya India. Asili yake ni Amerika, na watu wa Meksiko walikuwa wanailima maelfu ya miaka kabla mtu yeyote wa Afrika au Ulaya hajaiona. Christopher Columbus alivuka bahari mwaka 1492 akitafuta njia ya kwenda Asia kununua viungo, sana sana pilipili manga, ambayo wakati ule ilikuwa mali ya matajiri. Pilipili manga hakuipata. Alikuta watu wa visiwa vya Karibi wanakula tunda jekundu linalowasha, akalirudisha Hispania. Baada ya hapo meli za Wareno zikalitawanya kwenye pwani za Afrika na India, na kwetu likapanda kutoka pwani kuingia ndani mpaka likafika kwenye masufuria ya bibi zetu.

Angalia hata jina. Neno "pilipili" limetoka mashariki, kupitia Kiajemi na Kiarabu, na mwanzoni lilikuwa jina la pilipili manga, ile nyeusi. Ni kusema jina tulikuwa nalo kabla ya mmea. Tunda jipya lilipofika likawashwa mdomoni kama lile la zamani, watu wakalipa jina lile lile. Na Wahungaria walifanya hivyo hivyo. Mwanzoni waliita mmea huu "pilipili ya Waturuki", halafu wakachukua neno "paprika" kutoka kwa majirani zao Waslavi, nalo limetokana na neno lao la pilipili manga. Watu wawili walio mbali hivyo, na walipomwona mgeni wakatumia akili moja.

Sasa, huyu mgeni anataka nini? Hapa ndipo penye siri yote, na ukielewa hapa, historia yote itakayofuata utaielewa.

Mbegu ya pilipili inataka udongo wenye joto la digrii 25 mpaka 30. Ikilipata, inaota ndani ya wiki moja au mbili. Udongo ukishuka chini ya digrii 15, mbegu inalala tu. Na mbegu inayolala kwenye udongo baridi wenye maji, inaoza. Halafu mche wenyewe unakua polepole: wiki 6 mpaka 8 kabla ya kuwa tayari kuhamishwa. Na barafu ikiupiga usiku mmoja tu, umekufa.

Lakini soma vizuri. Mmea mkubwa wa pilipili, ukishashika mizizi, unavumilia usiku wa ubaridi wa kiasi. Haufurahi, unachelewa, lakini unaishi na unazaa. Shida kubwa iko mwanzoni. Ni kusema pilipili haidai nchi nzima iwe ya joto mwaka mzima. Inadai joto wakati wa kuota na wakati ingali mtoto. Watu wote walioilima kwenye baridi walikuwa wanajibu swali hilo moja: joto la mwanzo tunalitoa wapi?

2. Jibu la kwanza: chungu

Mwaka 1542, miaka 50 tu baada ya safari ya Columbus, daktari mmoja Mjerumani, Leonhart Fuchs, alitoa kitabu kikubwa cha mimea chenye picha. Ndani yake kuna pilipili, imechorwa vizuri kabisa. Jambo la kuchekesha ni kwamba aliiita pilipili ya Calicut, ni kusema ya India. Alifikiri imetoka huko. Lakini jambo lenye faida kwetu ni namna ilivyokuwa inalimwa: Wajerumani walikuwa wanaipanda kwenye vyungu.

Kwa nini vyungu? Juu chungu kinabebeka. Mchana unakiweka nje kwenye jua, mbele ya ukuta unaokusanya joto. Usiku unakiingiza ndani ambako watu wanalala na moto umewaka. Shamba huwezi kulibeba, chungu unaweza. Baridi inapokuja, mmea unahama.

Jibu hilo ni zuri, lakini lina mpaka. Kwa chungu unapata pilipili ya nyumba moja, na wakati ule wengi walikuwa wanaipanda kama ua la kuangalia. Huwezi kulisha mji kwa vyungu vya dirishani.

3. Jibu la pili: kalenda

Hungaria ilipata pilipili katika miaka ya 1500, wakati Waturuki wa milki ya Osmani walipokuwa wanatawala sehemu kubwa ya nchi. Mji wa Buda ulikuwa mikononi mwao kuanzia 1541 mpaka 1686. Mwanzoni mmea ulikaa kwenye bustani za wakubwa. Polepole ukashuka kwa wakulima na wavuvi, watu ambao hawakuwa na pesa ya kununua pilipili manga. Kwao ilikuwa kiungo cha maskini, na kwa muda mrefu matajiri waliidharau.

Wakulima hao walijifunza kuheshimu kalenda. Huko barafu ya usiku inaweza kurudi hata baada ya jua kuanza kuwa kali, mche uliohamishwa mapema ukafa wote. Basi wakawa na sheria yao ya watakatifu wa barafu: Pankrasi, Servasi na Bonifasi, ambao sikukuu zao ni tarehe 12, 13 na 14 za mwezi wa tano. Kabla watakatifu hao hawajapita, mche wa pilipili hautoki nje kwenda shambani. Mtu asiyejua kusoma wala kupima digrii alijua majina hayo matatu, na yalimtosha.

Lakini hesabu inakataa. Ukipanda mbegu shambani baada ya tarehe 14 ya mwezi wa tano, halafu mche uchukue miezi miwili, halafu matunda yasubiri kuiva na kuwa mekundu, baridi ya mwisho wa mwaka itakukuta hujavuna. Majira ya joto ya kule ni mafupi. Kwa hiyo mche lazima uwe umeshazaliwa na kukua kabla watakatifu hawajapita, ni kusema uote mwezi wa pili au wa tatu, wakati nje bado kuna theluji. Tunarudi kwenye swali letu: joto la mwanzo linatoka wapi?

4. Jibu la tatu: samadi, na taifa la wakulima

Jibu lilikuwa zizini. Ni samadi.

Kitu hiki kila mtu aliyekaa na mifugo amekiona bila kukifikiria. Rundo la samadi mbichi iliyochanganyika na majani makavu linatoa mvuke asubuhi. Ukiingiza mkono ndani, linaunguza. Ndani yake kuna vijidudu vidogo visivyoonekana ambavyo vinakula samadi na majani, na wakati wa kula vinatoa joto. Hakuna moto, hakuna kuni, hakuna umeme.

Wakulima wa bustani wa Ulaya waligeuza rundo hilo kuwa kitanda cha mbegu. Walichimba shimo refu, wakajaza samadi ya farasi pamoja na majani makavu, wakamwagia maji, wakakanyaga. Siku za kwanza joto linapanda sana, linaweza kupita digrii 60, na mbegu ikiwekwa hapo inapikwa. Kwa hiyo wanangoja siku kadhaa mpaka joto lishuke. Halafu wanaweka udongo mzuri juu na kupanda mbegu. Juu kabisa wanafunika: kwa kioo au karatasi iliyopakwa mafuta, na usiku kwa mikeka ya majani. Chini kuna joto la samadi, juu kuna jua la mchana lililofungiwa. Nje theluji, ndani pilipili inaota.

Waliokuwa mabingwa wa kazi hii walikuwa wakulima kutoka Bulgaria. Wengi wao walitoka vijiji vya upande wa mji wa Veliko Tarnovo. Lyaskovets, mmoja wa miji ya huko, uko na jumba la makumbusho la kilimo cha bustani mpaka leo. Katika miaka ya 1800 watu hao walianza kutoka kwao kwa makundi: wengine Serbia, wengine Romania, wengine Urusi, na kuanzia miaka ya 1870 wengi sana Hungaria. Walifika majira ya baridi yakiwa yanaisha, wakalima mpaka mwisho wa mavuno, halafu wengi wakarudi kwao. Mwaka unaofuata, tena.

Hawakuja na ardhi. Walikodi vipande karibu na miji, sana sana mahali penye mto. Walikuja na mbegu, na ujuzi wa vitanda vya samadi, na gurudumu kubwa la kuteka maji lililozungushwa na farasi. Shamba dogo la kukodi likatoa mboga kuliko mashamba makubwa ya pembeni. Pilipili ya kula mbichi, ile kubwa nene yenye nyama, iliingia sana kwenye soko la Hungaria kupitia mikono yao.

Na sasa kuna jambo ambalo sisi wenyewe tulipolijua lilitushangaza. Wabulgaria hao hawakufanya kazi mtu mmoja mmoja. Walijiunga kikundi: kiongozi mmoja anayetafuta ardhi na mkataba, wengine wa kulima, mwingine wa kuuza sokoni, mwingine wa kupika. Mwisho wa msimu wanakaa chini, wanatoa gharama, wanagawana faida kwa mafungu. Kikundi hicho waliita "tayfa". Neno hilo Wabulgaria walilichukua kwa Waturuki, Waturuki walilichukua kwenye Kiarabu. Na Kiswahili nacho kililichukua kwenye Kiarabu hicho hicho. Sisi tunasema "taifa".

Kwetu neno "taifa" ni zito. Linakuja na bendera, wimbo, mpaka, kitambulisho. Ni kitu ambacho wengi wetu hapa tunaulizwa kila siku na hatuna jibu fupi. Kumbe kuna watu ambao kwao neno hilo lilikuwa kundi la watu wanaochangia jembe, samadi na chungu kimoja cha kupikia, wako nchi ya watu, na mwisho wa mwaka wanagawana bila kudhulumiana.

Hatutaki kudanganya mtu hapa. Wale hawakuwa wakimbizi. Walikwenda kutafuta pesa, na walikuwa na nyumba ya kurudia, mlango wake unafunguka. Sisi tuko tofauti. Lakini angalia walichoacha. Wahungaria waliokuwa vibarua kwenye mashamba yao walijifunza kazi, wakaanza kuifanya wenyewe. Kwa lugha ya Kihungaria mtu wa kazi hiyo akapata jina lake, "bolgárkertész", ni kusema mkulima wa bustani Mbulgaria, na Budapest kuna mtaa wenye jina hilo. Mwaka 1914 wale waliobaki waliunda chama chao huko, na chama hicho bado kipo. Mgeni alikuja na mbegu kwenye mfuko na akaacha jina kwenye kibao cha mtaa.

5. Jibu la nne: kuchagua mbegu

Kuna jibu moja tena, la polepole kuliko yote. Kila mwaka mkulima anaangalia shambani: mmea upi umewahi kuiva? Upi umezaa kabla baridi haijarudi? Mbegu za huo anaziweka. Ule uliochelewa anaula, mbegu zake hazirudi udongoni. Ukifanya hivyo miaka mingi, unapata pilipili iliyozoea majira mafupi. Mmea wenyewe mmoja mmoja haujifunzi baridi. Anayejifunza ni mkulima, na anaandika somo lake kwenye mbegu.

Hata ukali wa pilipili ulibadilishwa hivyo. Ukali mwingi haukai kwenye mbegu kama watu wengi wanavyosema, unakaa kwenye ile nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu. Mwaka 1859 ndugu wawili wa Szeged, wa ukoo wa Pálfy, walileta namna ya kuondoa nyama hiyo na mbegu kabla ya kusaga, na unga usiowasha sana ukapata soko kubwa. Baadaye, katika miaka ya 1920, huko Kalocsa mtaalamu Ferenc Horváth alifanya kazi ya kuchagua mbegu mpaka ikapatikana pilipili ya kusaga isiyowasha tangu shambani, hakuna haja ya kukata chochote.

6. Kwa nini tusumbuke na pilipili?

Mzee mmoja alituuliza swali hili na ni swali la haki. "Mna shida ya shule, ya kazi, ya karatasi, na nyinyi mnaandika juu ya pilipili?"

Jibu letu linatoka Szeged tena. Mwaka 1932 kulikuwa na profesa kwenye chuo kikuu cha huko, Albert Szent-Györgyi. Alikuwa anachunguza kitu ambacho leo tunakiita vitamini C, na shida yake ilikuwa kupata cha kutosha cha kuchunguza. Alikipata kidogo sana kutoka kwenye tezi za wanyama. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mke wake alimwekea pilipili mbichi mezani, naye hakuwa na hamu ya kuila. Akaona badala ya kuikataa mbele ya mama, aipeleke maabara. Usiku huo huo akajua amepata hazina. Ndani ya wiki chache akawa na zaidi ya kilo moja ya kitu ambacho mwanzo alikuwa anakihesabu kwa gramu. Mwaka 1937 akapewa tuzo ya Nobel. Na tuongeze hili: wakati wa vita ya pili ya dunia alilazimika kujificha juu polisi wa Hitler walikuwa wanamtafuta, na mwaka 1947 aliiacha nchi yake, akaishi Marekani mpaka kufa kwake mwaka 1986.

Vitamini C inatufaa nini? Mwili usioipata miezi kadhaa unapata kiseyeye: fizi zinavimba na kutoka damu, viungo vinauma, vidonda haviponi. Watu wanafikiri huo ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani. Hapana. Katika miaka ya 1980 kiseyeye kilitokea kwenye kambi za wakimbizi za Somalia, Sudani na Ethiopia. Watu walikuwa wanapewa nafaka, maharage na mafuta. Tumbo lilijaa, lakini mboga mbichi na matunda havikuwemo. Waliugua ugonjwa wa mabaharia wakiwa nchi kavu, wakiwa na kadi ya chakula mkononi.

Sisi hatusemi hapa kwetu kuna kiseyeye. Tunasema kila mmoja wetu anajua pesa ya mwezi inanunua nini kwanza: unga, maharage, mafuta, chumvi. Tunda linangoja. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 za vitamini C kwa siku. Pilipili hoho, ile kubwa isiyowasha, ikiwa nyekundu na mbichi, gramu 100 zake zinakuwa na zaidi ya miligramu 100, ni kusema mara mbili ya chungwa. Ile ndogo kali nayo iko nayo nyingi, lakini hakuna mtu atakula gramu 100 za pilipili kali akabaki amekaa kitini. Kwa hiyo tunataka zote mbili: kali kwa ajili ya ladha ya nyumbani, hoho kwa ajili ya watoto. Na iliwe mbichi au iingie kwenye sufuria mwishoni, juu moto wa muda mrefu unaharibu vitamini hiyo.

7. Sasa tuje kwetu

Turudi kwenye ule msemo. "Pilipili haikubali huku." Baada ya historia hii sisi tunasema hivi: mbegu ndiyo haikubali udongo wa baridi, na hiyo ni shida ya wiki chache. Huku hatuna theluji. Hatuna watakatifu wa barafu. Jua la mchana tuko nalo. Kinachokosekana ni joto la mwanzo tu, na watu wenye baridi kuliko yetu walishalipata.

Chungu tuko nacho: ni kile kidumu cha mafuta kilichopasuka. Kikate kati, toboa chini, jaza udongo, mchana jua, usiku ndani karibu na jiko. Kabla ya kupanda, wamama wengi wanajua kulowesha mbegu usiku mmoja na kuzifunga kwenye kitambaa chenye unyevu mahali pa joto mpaka zipasuke. Mbegu iliyoanza kuota haiozi kirahisi.

Kalenda tuko nayo. Mvua inaanza mwezi wa tisa. Rudisha nyuma wiki 8, unapata mwezi wa saba. Mwezi wa saba usiku ni baridi kweli, lakini mchana ni jua kavu. Mche uote wakati huo ndani ya kinga, mvua iukute umekomaa.

Samadi ndiyo inataka taifa. Ndoo moja ya samadi haitoi joto, inapoa kabla ya jioni. Joto linataka rundo: upana wa mita moja au zaidi, kimo karibu na mita moja, samadi mbichi imechanganywa na majani makavu na kulowanishwa. Nyumba moja hapa haiwezi kukusanya rundo hilo. Nyumba kumi zinaweza. Mbuzi wa huyu, sungura wa yule, kuku wa mwingine, na ng'ombe wa majirani zetu Wanyarwanda wa upande wa bondeni. Wao wako na samadi, sisi tuko na mikono. Siku moja ya kuwalimia ni mikokoteni mingapi? Tumeshaanza kuwauliza, na wawili wamekubali. Nao wametuambia kwamba urusenda, hivyo ndivyo wanavyoiita, nao wanainunua kutoka mabonde ya chini, na miche wakiipata watachukua.

Fanyeni hivi, nyinyi mnaotaka kujaribu huko mliko. Rundo likishapanda joto, lingoje. Ingiza fimbo katikati, iache dakika chache, itoe uishike. Ikikuunguza, bado. Ikiwa ya uvuguvugu kama chupa ya mtoto, weka udongo wa viganja viwili juu, panda, funika kwa kipande cha nailoni au shitingi inayopitisha mwanga. Mchana jua likiwa kali fungua kidogo, miche isiungue wala kuoza. Usiongeze samadi mbichi kwenye mizizi, inachoma.

Na mbegu zenu, andikeni. Mmea gani uliwahi, uliiva lini, mbegu ilitoka wapi. Kama imetoka Uvira, andika Uvira. Kama umeipata soko la hapa, andika hivyo. Tunda la kwanza lililoiva vizuri usilile, hata kama unalitamani. Hilo ndilo mwalimu wa mwaka ujao.

Kwa waliopo hapa kambini: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba tunakutana nyuma ya ukumbi wa vijana, saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na ndoo moja ya samadi, au mfuko wa majani makavu, au mbegu, au mikono yake tu. Mama mmoja wa kwetu ametunza mbegu za pilipili ya kando ya Tanganyika kwenye fundo la kitenge tangu alipovuka, na amesema atatoa nusu. Nusu nyingine anabaki nayo. Tumemwelewa.

Ukiwa na mbegu au ujuzi wa wazee wa kwenu juu ya baridi, tuandikie tuongeze.